FUNDI ASIYE NA TAJIRI

Kutoka Jinja, Uganda

Sisi tuandikao habari hii ni mafundi wawili wa hapa Jinja. Hatufanyi kazi kiwandani wala shambani, na huenda baadhi yenu mkauliza tumeingiaje katika kurasa za chama cha wafanyakazi. Jibu letu ni kwamba tumelelewa humo. Baba wa mmoja wetu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo cha mji huu, na mama wa mwenzake alichuma chai upande wa Kyenjojo kwa miaka kumi na tisa. Taarifa za chama zilifika nyumbani kila zilipotolewa, zikasomwa kwa sauti, kisha zikafungiwa sukari.

Kazi yetu ni kutengeneza tovuti, yaani zile kurasa ambazo mtu huzifungua kwa simu au kwa kompyuta anapotaka kujua kama hoteli fulani ina vyumba, au shule fulani yatoza ada kiasi gani, au ushirika unanunua kahawa kwa bei gani. Nyuma ya kila ukurasa yamo maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari ili kompyuta iyafuate. Alama moja ikikosekana, ukurasa mzima hugoma, tena bila kutoa notisi ya mgomo. Fundi hukaa usiku kucha akiitafuta alama hiyo.

Hatuna tajiri. Mteja huja na kazi yake, tukapatana bei, tukaifanya, akaenda zake. Kesho tunatafuta mwingine. Mzee mmoja wa Walukuba, mstaafu wa kiwandani, aliwahi kutuuliza: "Sasa nyinyi, nani anawapigia king'ora asubuhi?" Tukamjibu kwa majivuno kwamba hakuna. Mzee akauliza tena: "Na cha jioni?" Hapo tulicheka tu, maana hatukuwa na la kusema. King'ora cha jioni kwetu hakipo kabisa.

Zana zetu ni chache: kompyuta moja kwa kila mtu, umeme na intaneti. Elimu yenyewe haina mwenyewe. Mwingereza Tim Berners-Lee alitoa pendekezo la mtandao wa kurasa hizi mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 taasisi hiyo ikautoa kwa walimwengu wote bila kudai malipo. WordPress, programu tunayoitumia katika kazi nyingi, hutolewa bure tangu mwaka 2003, na zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zimejengwa juu yake. Kwa hiyo yale tuliyoyasikia utotoni katika mikutano ya wazee wetu, kwamba mfanyakazi akimiliki zana zake mwenyewe hatanyonywa tena, sisi tumepata nafasi ya kuyajaribu. Zana ni zetu. Tumeona kwamba hilo halitoshi.

Mteja wetu wa kwanza wa maana, mwaka 2019, alikuwa na nyumba ya wageni kando ya Mto Naili. Alitaka tovuti yenye picha na mahali pa wageni kuwekesha vyumba. Tukapatana shilingi 800,000 za Uganda, tukakadiria siku 10. Kila tulipomaliza, yeye aliongeza neno. Rangi haikumpendeza. Kisha zikaja picha mpya. Kisha akataka maandishi ya Kifaransa, kwa sababu shemeji yake alimwambia kwamba watalii wa Ufaransa ni wengi. Siku zikawa 31. Ukizigawa shilingi hizo kwa siku hizo, na kwa watu wawili, kila mmoja alipata chini ya shilingi 13,000 kwa kutwa, kabla ya kulipa umeme na bando la intaneti. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Sisi tulikuwa tunalipwa kwa gunia ambalo mteja aliendelea kulishindilia. Hatusemi kwamba mtu yule alitudhulumu. Hatukuwa tumeandika popote kazi inaanzia wapi na inaishia wapi, naye akatumia nafasi tuliyompa, kama ambavyo yeyote angefanya.

Baadaye tukaenda kutafuta kazi katika masoko ya intaneti, ambako mteja wa Ulaya au Marekani hutangaza kazi, na mafundi kutoka nchi nyingi wakashindana kupunguza bei. Mwenye soko hukata fungu lake. Soko moja kubwa la Marekani kwa miaka mingi lilikata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza ambazo fundi alipata kwa kila mteja. Mwaka 2023 likaweka asilimia 10 kwa wote, na mwaka 2025 likabadili tena. Hakuna mfanyakazi aliyeitwa mezani katika mabadiliko hayo. Na kwa kazi ya kulipwa kwa saa, programu yao huipiga picha kompyuta ya fundi mara moja katika kila dakika kumi, na kuhesabu ni mara ngapi amebonyeza vitufe, ili mteja aone kwamba hakusinzia. Wazee wetu walilalamikia manyapara wakali, lakini nyapara yule angalau alikwenda kula chakula cha mchana.

Mwezi Januari 2021 tulikuwa na kazi ya mteja wa Ujerumani, ambayo ilipaswa kukabidhiwa tarehe 15. Usiku wa tarehe 13, kuelekea uchaguzi wa tarehe 14, intaneti ilizimwa nchi nzima. Kazi ilikuwa imekwisha, imelala ndani ya kompyuta zetu, na njia ya kuipeleka haikuwepo. Namba ya simu ya mteja hatukuwa nayo. Tuliwasiliana kwa barua za intaneti tu. Tulikaa kama wachuma chai ambao lori la kiwanda halikuja, huku majani yakiungua ndani ya magunia. Intaneti iliporudi tarehe 18 tulikuta barua tatu. Ya kwanza iliuliza, ya pili ililalamika, na ya tatu ilisema kwamba kazi amepewa mwingine. Mfanyakazi wa kiwandani umeme ukikatika huweza kudai kwamba kusimama kwa mitambo si kosa lake, na penye mkataba mzuri wa chama neno hilo huandikwa. Sisi tungemdai nani?

Lakini hayo ni mambo ya fedha, na fedha ikipotea yaweza kupatikana tena. Liko jambo jingine ambalo tumelizungumza mara nyingi baina yetu, na ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, kilitupa kazi ya kutengeneza programu ya mahudhurio. Mfanyakazi angeweka kidole langoni, na programu ingehesabu saa zake, zamu yake na ovataimu yake. Ilichukua miezi minne na ililipwa yote, kwa wakati. Mpaka leo ndiyo kazi safi kuliko zote tulizofanya. Tena tuliifanya kwa moyo, kwa sababu tulijua, kutoka nyumbani kwetu wenyewe, jinsi ovataimu inavyoweza kupotea katika daftari. Tulisema kwamba sasa hesabu itakuwa ya haki.

Aliyetufundisha hesabu za zamu alikuwa karani wa pale. Kwa majuma mengi alikaa nasi baada ya saa za kazi, akitueleza mambo ambayo hayakuandikwa popote: zamu ya usiku inayoangukia sikukuu huhesabiwaje, anayekuja badala ya mgonjwa hulipwa kwa kiwango gani, aliyechelewa kwa sababu ya basi la kiwanda hakatwi. Tuliuliza, akajibu, tukaandika. Miezi miwili baada ya programu kuanza kufanya kazi, makarani watatu waliachishwa, naye akiwa mmoja wao. Kila alichokijua kilikuwa kimekwisha kuingia ndani ya programu.

Tulikutana naye sokoni. Hakutukasirikia. Alituuliza tu kama programu bado inakosea katika zamu za sikukuu, tukamwambia hapana, akasema vizuri.

Je, tulikosea kuifanya kazi ile? Mmoja wetu husema tulikosea, mwingine husema kwamba wangemwita fundi mwingine kesho yake. Wote wawili tunakubali kwamba wafanyakazi zaidi ya mia wa kiwanda kile sasa hulipwa ovataimu kamili, na wametuambia hivyo wenyewe. Lakini katika miezi ile minne hatukuuliza hata mara moja makarani watakwenda wapi. Tulikuwa mezani na tajiri. Chama hakikuwepo mezani hapo, na makarani hawakuwepo. Sisi tulikuwepo, tukanyamaza, kwa kuwa hatukujihesabu kuwa wafanyakazi. Tulijihesabu kuwa wafanyabiashara.

Tangu wakati ule huwa tunauliza kabla ya kupatana bei. Mteja mmoja alicheka, akasema hayo hayatuhusu, na kazi yake hatukuipata. Mwingine alifikiri kidogo, akaamua kwamba yule dada aliyekuwa akiandika oda kwa mkono ndiye atakayefundishwa kuiendesha tovuti. Tulimfundisha siku sita, na siku hizo tukaziandika katika ankara.

Mengine tumeyapata kwa kuiga yale ambayo vyama vyenu vimepigania. Sasa tuna mkataba wa kurasa mbili, uliotiwa sahihi na pande zote, na nusu ya fedha huja kwanza kama arbuni. Mteja ana haki ya kubadili mara mbili. Ya tatu hulipiwa. Jumapili kompyuta hufungwa, ingawa hili, tuseme kweli, tumelivunja mara nyingi. Lililo gumu zaidi ni uzee. Mwaka 2022 sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda ilirekebishwa; zamani ilimbana mwajiri mwenye watu watano au zaidi, lakini marekebisho hayo yanambana hata mwenye mfanyakazi mmoja, na mtu asiye na mwajiri aweza kujiwekea kwa hiari. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 10. Sisi tukaamua kuwa vyote viwili. Katika kila malipo tunatoa 15 kwa mia: 5 kama vibarua na 10 kama matajiri. Vibarua wamelipa kila mara. Matajiri wana malimbikizo ya miezi mitatu.

Tulikwenda pia kwenye ofisi ya chama kuuliza kama tunaweza kujiunga. Hili si jambo la ajabu hapa, kwani chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kimekwisha kuvifungulia mlango vyama vya waendesha bodaboda, ambao nao wengi wao hawana mwajiri. Na mwezi Juni 2025, Mkutano wa 113 wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva uliamua kwamba utungwe mkataba wa kimataifa, pamoja na pendekezo, kwa ajili ya wanaofanya kazi kupitia masoko ya intaneti. Katibu alitupokea vizuri, akatupa chai, akatuuliza swali moja: tukiwaandikisha, tutakaa mezani na nani? Tumelipeleka swali hilo kwa mafundi wenzetu. Tulipokutana mara ya mwisho tulikuwa kumi na mmoja, na tulikubaliana jambo moja tu, kwamba hakuna atakayeanza kazi ya mteja aliyekataa kumlipa mwenzake. Majina ya wateja hao tunayo katika daftari. La karatasi, si la kompyuta.

Tunayo na kazi moja ambayo haina mteja. Tunaitengeneza saa za usiku, kwa ajili ya wachuma chai. Majani yakipimwa, karani aandike uzito katika simu, na papo hapo mchumaji apate ujumbe katika simu yake, hata ikiwa ni simu ya kitochi isiyo na intaneti, ili mwisho wa mwezi awe na hesabu yake mwenyewe mkononi. Tulipofika mahali pa kuridhika tulimwonyesha mama aliyechuma Kyenjojo. Ujumbe wa majaribio uliingia: kilo 31.

Mama akausoma, akaturudishia simu. Akasema karani wao hakuwahi kuandika uongo hata siku moja. Kilo ziliibwa kabla ya kuandikwa: ilitolewa moja ya gunia, hata kama gunia ni jepesi, na nyingine ya maji, hata wakati wa kiangazi. Akatuuliza hizo mbili ziko wapi katika ujumbe wetu.

Hazikuwepo. Tumeanza upya, na ujumbe sasa una hesabu tatu: uzito wa mizani, kilichotolewa na sababu yake, na kilichobaki. Kikundi kimoja cha wakulima wadogo wa chai kimekubali kuijaribu msimu ujao, wakipatana kwanza ni nani atakayelipia ujumbe.