Feza ya mananasi

Mama anayeuza mananasi sokoni anajua bei ya chumvi, ya mafuta, ya sabuni na ya minerval ya watoto. Bei ya tiketi ya ndege ya kutoka ngambo hana sababu ya kuiuliza. Hiyo ni feza ya wakubwa. Lakini mwishoni mwa mwaka 2012, kule Bukavu na kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, wamama maskini walianza kuiuliza. Waliuza mananasi na vitunguu, wakaweka pembeni franka juu ya franka. Walitaka kulipa tiketi ya mutu mumoja tu: munganga Denis Mukwege.

Habari hii inatufaa sisi tunaoishi karibu na machimbo, kwa maana siku hizi kila mutu anasema juu ya kukusanya feza na kupaza sauti kwa ajili ya wanawake. Kwenye telefone, picha zinapita kutwa nzima. Ni vizuri tuulize: muchango gani unamusimamisha mwanamuke, na muchango gani unamuacha palepale alipokuwa?

MUNGANGA ALIYEKIMBIA

Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mutoto wa pasta. Alitumika kwanza katika hospitali ya Lemera. Mwaka 1996 vita ilifika pale, wagonjwa wakauawa katika vitanda vyao. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, pembeni ya muji wa Bukavu, pamoja na kanisa la CEPAC. Alifikiri atazalisha wamama. Lakini mugonjwa wa kwanza alikuwa mwanamuke aliyebakwa na kupigwa risasi. Tangu siku ile wanawake makumi ya maelfu wamepita pale.

Mwezi wa 9 mwaka 2012 alisema wazi mbele ya Umoja wa Mataifa, kule New York, kwamba wenye kufanya uovu huu hawaazibiwi. Tarehe 25 ya mwezi wa 10, watu wenye silaha walimungojea nyumbani kwake. Mulinzi wake alikufa. Yeye aliponyoka, akachukua jamaa yake, wakaenda ngambo.

Nani angemulaumu? Baba mwenye watoto anafanya hivyo. Lakini kule Panzi wagonjwa walibaki vitandani wakiulizana: «Sasa nani atatupasua? Nani atatusikiliza?»

WAMAMA WANAFANYA HESABU

Kwanza waliandika barua. Waliandikia rais wa inchi, wakaandikia na mukubwa wa Umoja wa Mataifa, wakiomba munganga wao alindwe, apate kurudi. Walipoona barua peke yake haileti kitu, wakarudia kile walichokijua: shamba na soko. Wengi wao walikuwa wanaishi na chini ya dola moja kwa siku. Kutoka katika ile dola isiyotimia wakatoa sehemu ya tiketi.

Tena wakaongeza ahadi. Kama serikali haina walinzi, wao wenyewe watamulinda, kundi la wanawake 20 kwa zamu, muchana na usiku, bila silaha yoyote.

Tarehe 14 ya mwezi wa 1 mwaka 2013, Mukwege alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu. Toka Kavumu mupaka Bukavu ni karibu kilometa 30, na barabara ilijaa watu wanaomupokea. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba ni wanawake hao waliomufanya arudi. Mwaka 2018 alipewa zawadi ya Nobel ya amani, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Dunia nzima ikamupigia makofi. Lakini mbele ya makofi ya dunia kulikuwa mananasi.

Angalieni vizuri jambo hili. Kulikuwa matajiri na mashirika makubwa ambayo yangeweza kununua tiketi ile asubuhi moja tu. Lakini tiketi ya tajiri ungeweza kuikataa kwa adabu. Feza ya mama aliyelala bila kula vizuri ili wewe urudi, utaikataa namna gani? Muchango mudogo ulikuwa na uzito kuliko kitita, kwa sababu ndani yake mulikuwa neno: Tunakuhitaji, na sisi wenyewe tumelipa.

ALIYEKIMBIA MBIO KWA AJILI YETU

Tusizarau wale wa mbali. Mwaka 2005, kule Portland, Marekani, mwanamuke mumoja, Lisa Shannon, aliona katika televizio habari ya wanawake wa Congo. Hakuwa na cheo. Alivaa viatu, akakimbia peke yake karibu kilometa 48, akiomba rafiki na jamaa wachangie. Alipata dola karibu 28.000. Feza ile ilipita kwa shirika Women for Women International, linalounganisha mufazili mumoja na mwanamuke mumoja. Baadaye watu wa miji mingine wakafuata mufano wake wakakimbia vilevile, na habari ikaenea kwa intaneti.

Kitu kizuri katika mupango ule ni kwamba mwanamuke wa huku hakuwa picha tu. Alikuwa na jina, alijifunza kazi, na aliweza kumuandikia barua dada yake wa kule.

LAKINI SAUTI INAWEZA KUPITA MBELE YA WENYEWE

Hapa tuseme ukweli, kwani wachimbaji wanaujua. Katika miaka ile ile, vijana wa vyuo vya Marekani na mashirika yao waliandikia kampuni za telefone na za ordinatere: «Hatutaki madini yenye damu.» Barua zilikuwa nyingi sana kwenye intaneti, na wanawake wa Kivu walitajwa kila mara. Mwezi wa 7 mwaka 2010 sheria ilipita Marekani. Inadai kampuni zieleze kama bati, koltani, wolframu na zahabu yao inatoka Congo au kwa majirani wake. Kobalti na shaba ya Katanga hazimo.

Nia ilikuwa njema, na Mukwege mwenyewe aliunga mukono sheria ile. Lakini mwezi wa 9 mwaka 2010 rais Kabila alisimamisha machimbo ya mukono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Yalifungwa mupaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Yalipofunguliwa, wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kuogopa na kwenda. Mama aliyekuwa anapika bukari pale kariere, mama aliyekuwa anabeba mawe, mama aliyekuwa anategemea posho ya bwana yake, wote wakabaki mikono mitupu. Mwaka 2014 watu 70, Wakongo na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema watu wa machimbo hawakuulizwa vya kutosha.

Je, hii inamaanisha tunyamaze juu ya uovu? Hapana! Inamaanisha kwamba mwenye kidonda aulizwe kwanza mahali panapouma. Wamama wa Idjwi hawakusemewa na mutu. Walijua wanachokosa, wakakitaja kwa jina, wakatoa feza yao.

NA SISI HUKU KWETU?

Wamama wetu hawahitaji kufundishwa kukusanya feza. Likelemba iko Kolwezi, iko Likasi, iko Lubumbashi, katika kila avenue. Leo mama anapokea, mwezi ujao mwenzake. Nani hajui mutoto aliyesoma kwa feza ya likelemba?

Zamani sheria yenyewe ilikuwa kizuizi. Kanuni ya jamaa ya mwaka 1987 ilidai mwanamuke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mambo mengi ya sheria. Mwaka 2016 sheria hiyo ilibadilishwa na ruhusa ile ikaondolewa. Wababa, musiogope. Mama anayeweka sahihi yake mwenyewe anajenga nyumba ile ile munayokaa.

Sasa feza inatembea kwa telefone, na kundi la WhatsApp linafika mbali kuliko kengele ya kanisa. Basi, kama kikundi chenu kinataka kusaidia mujane, binti aliyebakwa, ao mama anayesukula mawe ndani ya maji machafu, mushike mambo haya:

Mumuulize kwanza yeye mwenyewe anachohitaji. Pengine munataka kumununulia nguo, na yeye anatafuta feza ya munganga.

Musitume picha ya uso wake, wala jina lake, wala avenue yake. Picha ikitoka kwenye telefone yako, hairudi tena. Binti ataolewa, atazaa, na picha itaendelea kutembea.

Feza ishikwe na watu wawili ao watatu, na daftari isomwe mbele ya wote. Aliyetoa franka 500 ana haki ya kusikia hesabu sawa na aliyetoa dola 50. Vikundi vingi vimekufa, si kwa kukosa feza, lakini kwa kukosa daftari.

Ninyi vijana munaojua mambo ya intaneti, mukubali kuwa kalamu ya wamama, musiwe kinywa chao. Mama aseme, wewe andika. Kisha umusomee ulichoandika mbele ya kukituma.

Mama mwenye nanasi moja ana kitu cha kutoa, na mwenye kutoa ana haki ya kusema. Hiyo ndiyo siri ya Bukavu.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika avenue yetu, ni mwanamuke gani anayesemewa kila mara bila kuulizwa?

2. Likelemba ya mama inaleta nini katika nyumba yetu? Watoto wanajua?

3. Mara ya mwisho tulipochanga feza kwa ajili ya mutu, nani alisoma hesabu?