Mlima mmoja, mashamba mawili

Ndugu msomaji, mkungu wa mshare na gunia la mahindi vinapofika sokoni mjini kutoka Kilimanjaro, huenda ukadhani vimetoka katika shamba moja. Mara nyingi sivyo. Kati ya mgomba ule na mahindi yale pana meta mia kadhaa za kupanda mlima. Meta hizo ndizo zilizoamua zao gani liote wapi, kazi gani ifanywe lini, na hata familia igawane urithi kwa namna gani.

Jambo hili latuhusu sisi wakazi wa mijini. Wengi wetu tumezaliwa mlimani, au tumeoa ama kuolewa huko, na neno letu katika kikao cha ukoo lina uzito. Ni vema basi tuijue kazi ya mlima kabla hatujaamua kipi kiuzwe na kipi kibaki.

JOTO HUPUNGUA, MVUA HUONGEZEKA

Hewa inayopanda mlima hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani, kila meta 100 za kupanda hupunguza joto kwa kiasi cha digrii 0.6 za Sentigredi. Mji wa Moshi uko kiasi cha meta 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na vihamba vya juu hukaribia meta 1,800. Kwa hiyo abiria anayetoka mjini asubuhi kwenda vijiji vya juu huacha nyuma yake joto la digrii zipatazo 6, na akifika hana budi kuvaa sweta.

Mvua nayo hufuata kanuni yake. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikifika upande wa kusini wa mlima hulazimika kupanda. Zikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo sababu tambarare ni kavu, vihamba hupata mvua ya kutosha, na ukanda wa msitu hupata mvua nyingi kuliko kwingine kote: zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka. Juu ya msitu mvua hupungua tena, hata kileleni, kwenye meta 5,895, pakawa kama jangwa la baridi. Upande wa kaskazini unaoelekea Kenya umekingwa na mlima wenyewe, nao ni mkavu zaidi.

KIHAMBA CHA JUU

Kati ya meta 1,000 na 1,800 hivi ndipo penye vihamba. Kihamba ni shamba lililozunguka nyumba, nalo limepangwa kama ghorofa. Juu kabisa husimama miti kama mringaringa, itoayo kivuli na mbao. Chini yake ni migomba, chini ya migomba ni mibuni, na karibu na ardhi ni magimbi, viazi vikuu na mboga. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini, nao hurudisha samadi shambani. Mpaka na jirani huwekwa kwa masale, mmea ambao Wachaga huutumia pia kuombea msamaha.

Mpango huu wote umetokana na hali ya hewa. Kahawa ya arabika, iliyoletwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, hupenda ubaridi wa wastani. Penye ubaridi tunda lake huiva polepole, na punje hukomaa vizuri ikawa nzito na yenye ladha. Kahawa hiyo ndiyo iliyojenga shule na kukiwezesha chama cha ushirika cha KNCU kuanzishwa mwaka 1933. Lakini kwenye ubaridi huohuo mahindi huchelewa kukomaa, na ulezi hautamani kivuli wala ukungu.

SHAMBA LA CHINI

Kwa sababu hiyo wazee hawakutegemea kihamba peke yake. Familia iliyojiweza ilikuwa na kihamba juu na shamba huko chini, kwenye joto na jua kali. Huko walilima mahindi, maharage na ulezi. Kina mama walishuka kulima na kukata majani, wakayapandisha mlimani kwa kichwa ili kulisha ng'ombe wa zizini. Majani yale yaligeuka samadi, na samadi ikalisha mgomba. Hivyo rutuba ya tambarare ilipandishwa mlimani mzigo baada ya mzigo, juu ya vichwa vya wanawake, ingawa sifa za kihamba mara nyingi zilimwendea mwanamume.

Tazama pia mbege. Pombe hiyo ya sherehe na ya mashauri hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Ndizi ni za juu, ulezi ni wa chini. Chungu kimoja huunganisha hali mbili za hewa.

Kati ya juu na chini palikuwa na mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa mikono kuchepusha maji ya vijito na kuyapitisha kando ya miteremko. Aliyetaka maji alipaswa kufika siku ya kazi ya kuusafisha, na zamu ilikuwa zamu.

NGAZI INASOGEA

Leo utaratibu huu umo katika majaribu. Kati ya mwaka 1912 na 2011 Kilimanjaro ulipoteza kiasi cha asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Wengi hudhani kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji ya mlima hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Hivyo moto unaoteketeza msitu ni adui mkubwa wa mfongo kuliko kuyeyuka kwa barafu.

Joto nalo linamfuata mkulima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku likipanda kwa digrii moja, mavuno hupungua kwa kilo zipatazo 137 kwa hekta. Mtu aweza kusema: basi kahawa na ihamie juu zaidi. Ihamie wapi? Juu ya vihamba ni msitu, ambao tangu mwaka 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, nao ndio chanzo cha maji yetu. Ngazi inasogea, lakini mkulima hana pa kukanyaga.

Ardhi yenyewe inakatika vipande. Wataalamu walioandika mwaka 1984 walikuta kihamba cha wastani kina hekta 0.68. Wakigawana watoto watatu, kila mmoja hubaki na kama hekta 0.23. Hapo ndipo shamba la chini huuzwa ili kujenga nyumba juu, na miti hukatwa ili kupata nafasi.

YATUPASA NINI?

Kwanza, kikao cha ukoo kisiuze shamba la chini kwa kuwa tu liko mbali na kaburi la babu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mvua ikikosekana tambarare, migomba huweza kuokoa nyumba. Bei ya kahawa ikianguka, mahindi hujaza ghala.

Pili, kivuli kisikatwe ovyo. Joto linapopanda, mringaringa ndio mwavuli wa mbuni.

Tatu, aliye mjini achangie kazi ya mfongo kama hawezi kushika jembe.

Nne, binti asisahauliwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Tena itakuwa ajabu kumnyima kipande yeye ambaye mama yake na bibi yake ndio waliobeba rutuba ya kihamba hicho vichwani mwao.

Ndugu msomaji, mlima hauwezi kugawanywa kama mkate. Anayetaka kula vya juu hana budi kutunza na vya chini.