HELB ikiingia Kesses: tunajuaje mfumo umeanza kulemewa?

Ukitaka kuona mfumo wa malipo ukitoa jasho, simama stage ya Kesses siku HELB imeingia. Makomredi wa Chuo Kikuu cha Moi wanatoa pesa, wanalipa kodi ya nyumba, wengine wanatuma kidogo nyumbani. Kwa wakala foleni imefika nje. Kwenye seva zetu pia kuna foleni, ila hiyo huioni.

Kila ukibonyeza "tuma", kuna programu kadhaa zinazofanya kazi nyuma ya menyu. Moja inakagua PIN, nyingine inaangalia salio, nyingine inakutumia ujumbe wa kuthibitisha. Kila moja inakula sehemu yake ya prosesa na memori. Sisi tunazipima moja moja, kwa sababu seva nzima inaweza kuonekana imetulia kumbe ile programu ya ujumbe iko hoi.

Prosesa ikiruka hadi asilimia 90 kwa sekunde chache halafu ishuke, hatushtuki. Ikikaa huko juu, tunaongeza nakala za programu hiyo, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme nakala 4 zinatumia asilimia 90 kila moja, na sisi tunataka zikae kwenye 60. Zidisha 4 kwa 90, gawanya kwa 60, unapata 6. Kubernetes, mfumo huria uliotangazwa na Google mwaka 2014, hufanya hesabu hiyo wenyewe kila sekunde 15 usipoubadilisha. Kupunguza ndiko huchukua muda: husubiri dakika 5, isije ikawa watu wamepumua tu kidogo.

Lakini kuongeza nakala si dawa ya kila kitu. Rudi kwa wakala wetu: akileta wasaidizi watatu na floti imeisha, foleni itasonga? Haiwezi. Kwetu floti ni hifadhidata. Ikiwa yenyewe ndiyo imekwama, nakala zaidi zinaizidishia mzigo tu. Halafu kuna memori inayopanda polepole usiku kucha wateja wakiwa wamelala. Hapo programu ina kasoro, na mhandisi anafaa kuirekebisha, si kuinunulia seva nyingine (bili yake tunaijua!).

Sasa, wewe hii inakuhusu vipi? Nakala mpya haiwaki papo hapo. Katika muda huo mfupi muamala wako unaweza kuwa umepita, ila ujumbe bado uko njiani, na hapo ndipo watu hutuma mara ya pili. Kodi ya mwezi ikienda mara mbili, umebaki kumbembeleza keateka akurudishie, na huku hujanunua hata unga. Kwa hivyo ujumbe ukichelewa, usitume tena. Angalia salio kwanza, kisha fungua taarifa fupi ya miamala. Kama pesa imetoka, jina la aliyepokea utaliona hapo, hata kabla SMS ifike.