ZIWA LINAKWENDA CHINI SANA, LAKINI SAMAKI WAKO JUU

Sisi wa Kapalamsenga, Ikola na Karema tunakula dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Wengine wetu husema, "Ziwa hili ni kubwa mno, samaki hawawezi kwisha." Je, ni kweli? Tuangalie.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni ziwa moja tu linalolizidi kina, nalo ni Baikal, nchini Urusi. Lakini samaki hawakai katika maji yote hayo. Samaki wanahitaji hewa kama sisi, ila wao huipata ndani ya maji. Ukishuka zaidi ya mita 250 hivi, hewa hiyo hakuna. Kwa nini? Vilivyokufa juu huzama, huoza, na kule kuoza humaliza hewa.

Sasa, samaki wanakula nini? Juu, penye mwanga wa jua, kuna mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo huliwa na wadudu wadogo wa majini. Wadudu huliwa na dagaa. Dagaa huliwa na migebuka. Nasi tunakula dagaa na migebuka.

Mimea hiyo inataka mbolea, kama mahindi shambani. Mbolea yake ni vile vilivyooza chini. Nani anaipandisha? Ni upepo wa kusi. Kuanzia Mei hivi hadi Septemba huyakoroga maji, kama mwiko ndani ya chungu. Lakini maji ya moto ni mepesi. Yakizidi joto hukaa juu ya yale ya baridi, wala hayachanganyiki upesi. Wataalamu wamepima wakaona joto la ziwa linaongezeka. Basi mbolea inayopanda hupungua, na chakula cha samaki nacho hupungua.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu ni mingi kwa mvuvi mwenye watoto. Lakini mkulima anayekula mbegu, msimu ujao atapanda nini? Joto la ziwa hatuwezi kulipunguza peke yetu. Nyavu zinazozoa samaki wachanga tunaweza kuziacha.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini samaki hawakai chini kabisa ziwani?
2. Upepo wa kusi unawasaidiaje dagaa?
3. Kijiji chetu kifanye nini ili samaki wachanga wasivuliwe?