Safari ya kurudi nyumbani nayo ni kazi

Katika mitaa yetu ya Mirongo hakosekani baba au kijana ambaye riziki yake iko kwenye migodi ya dhahabu ya Geita au Bulyanhulu. Hukaa kazini siku kadhaa, kisha hurejea kwa mapumziko. Akifika tunamwuliza ametuletea nini. Ni wachache wanaomwuliza amelala saa ngapi.

Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, limefupisha safari ya Geita. Hiyo ni neema kubwa. Foleni ya kivuko ilikuwa adha, lakini ilimlazimu dereva kuzima injini na kunyoosha miguu. Leo gari linapita moja kwa moja, na dereva mwenye usingizi hana wa kumsimamisha ila yeye mwenyewe.

Tufanye hesabu. Mfanyakazi ameamka saa nane mchana, ameingia zamu saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Akishika usukani saa moja, amekwisha kaa macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walionyesha huko Australia kwamba mtu wa namna hiyo hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Mlevi tunamtambua kwa harufu; huyu hana harufu. Akisinzia sekunde 4 tu kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva.

Basi tufanyeje? Kwanza, anayemaliza zamu ya mwisho ya usiku alale saa chache kambini kabla ya kuondoka, au apande basi. Gari lake au pikipiki lisiendeshwe asubuhi hiyo.

Pili, usingizi ukimkuta njiani, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakutoshi. Asimame mahali salama, anywe kahawa, kisha alale dakika 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, hivyo ataamka nayo.

Tatu, sisi wa nyumbani tumpe chumba chenye giza na utulivu. Shida za ada na kodi ya nyumba zinaweza kungoja hadi jioni.

Mwisho, waajiri. Basi la kampuni linaloondoka mara zamu inapokwisha lisiwe na dereva aliyekesha. Na mfanyakazi anayeomba kulala kwanza asionekane mvivu. Huyo anataka kufika kwake akiwa hai.