Nyaso, mwanamke aliyekalia kiti cha Isike

Kila Oktoba, mwezi wa historia ya watu weusi hapa Uingereza, kuta za shule hujaa malkia. Yupo Nzinga wa Ndongo na Matamba, yupo Yaa Asantewaa wa Ashanti, yupo Nefertiti, na mara nyingine Cleopatra, ambaye ubishi juu ya rangi yake hauishi. Watoto wanarudi nyumbani na swali linalotubana sisi wenye asili ya Tabora: kwani kwetu hakukuwa na malkia? Wengi tunakimbilia kumtaja Mirambo, mtemi wa Urambo, kana kwamba tumeulizwa wanaume. Wachache wanaomjua Nyaso hujibu kwa kusita. Ndiyo, alikuwa mtemi wa Unyanyembe, lakini si aliwekwa na Wajerumani? Hapo mazungumzo huisha.

Mimi kusita huko kumenichosha. Ukiifuatilia historia ya kiti chenyewe, utaona mama huyu anashtakiwa kwa jambo ambalo wanaume waliomtangulia walisamehewa zamani, tena bila hata kuulizwa.

Unyanyembe ilikuwa njia panda. Msafara ukitoka Bagamoyo ulipitia Mpwapwa, ukakata Ugogo penye kiu na hongo kali (watani zangu Wagogo wanisamehe), ukafika Kaze, mahali tunapopaita Tabora leo. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, wakishusha pembe za ndovu pwani na kupandisha nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Watumwa nao walipitishwa njia hiyohiyo, na tusijifanye hatukuwa na mkono katika biashara hiyo. Kwa hiyo aliyekalia kiti cha utemi wa Unyanyembe alishika mlango wa biashara ya nusu ya Afrika Mashariki. Mlango kama huo wenye mali hawamwachii mtu wasiyemtaka.

Mtemi Fundikira wa kwanza aliishi vizuri na wafanyabiashara wa Kiarabu mpaka alipofariki mwaka 1858. Aliyemrithi, Mnywa Sele, aliona hakuna sababu ya watu kutajirika juu ya ardhi yake bila kutoa kitu, akadai ushuru. Kufikia 1860 wafanyabiashara walikuwa wamemfukuza kwa bunduki na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele aliingia porini akapigana nao kwa miaka. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipopita tena mwaka 1861 alikuta vita hivyo vimeshaivuruga njia nzima. Mwaka 1865 Mnywa Sele alikamatwa akauawa.

Soma tena hapo: Mkasiwa aliwekwa na wageni wenye bunduki, kwa sababu aliyekuwepo alidai haki yake. Alitawala hadi 1876, na aliyemrithi ni mwanawe, Isike. Yaani kiti ambacho Isike alikuja kukifia kilifika kwa baba yake kwa njia ileile iliyomfikisha Nyaso miaka 33 baadaye. Sijawahi kumsikia mtu wa Tabora akimwita Mkasiwa kibaraka. Mara nyingi hatajwi kabisa, na kutotajwa nako ni msamaha wa aina yake.

Simpunguzi Isike hata chembe. Alirithi nchi iliyotoka kusagwa na vita vya Mirambo vya 1871 hadi 1875, vile vita ambavyo mwandishi wa habari Stanley alijitia ndani yake akiwa na bendera ya Marekani, akaona cha moto, kisha akatafuta njia ya kuzunguka kusini ili amfikie mmisionari Livingstone. Isike alielewa kwamba njia ni mali. Emin Pasha alipofika Tabora mwaka 1890 akiwa na bendera ya Kijerumani, alipatana na Waarabu wa mjini. Isike hakuona kwa nini mapatano ya watu wengine yamfunge yeye. Mwaka 1892 ngome yake ya Isiunula ilishambuliwa na Wajerumani, ikasimama. Januari 1893 akaja Luteni Tom von Prince, yule ambaye watu walimpa jina la Bwana Sakarani, na safari hii kuta zilivunjwa. Isike alipoona maadui wameingia ndani, aliingia kwenye ghala la baruti akajilipua.

Kifo cha namna hiyo kina nguvu ya kusimuliwa. Kinameza kila kilichokuja baada yake, na aliyekuja baada yake ni Nyaso, mwanamke aliyepewa kiti na mtu huyohuyo aliyeivunja ngome. Prince aliandika kitabu kuhusu vita vyake, kikatoka 1914, mwaka uleule aliouawa kwenye mapigano ya Tanga. Nyaso hakuandika kitabu. Mshindi ana kurasa zake, shujaa ana mlipuko wake, na katikati yao yupo mama aliyebaki na nchi iliyochomwa na watu waliotaka kujua kesho watalima au watakimbia.

Wapo wanaosema kumweka mwanamke ilikuwa dharau ya Wajerumani, njia ya kuwavunja Wanyamwezi moyo. Hoja hii haisimami. Katika tawala nyingi za Unyamwezi wa zamani utemi ulipita upande wa mama, kwa watoto wa dada, na mwanamke kushika kiti halikuwa jambo la kushangaza. Shahidi ni Speke mwenyewe, kwenye safari yake ya kwanza. Julai 1858 alipotoka Kaze kwenda kaskazini kutafuta ziwa, alifika Unyambewa, nchi iliyotawaliwa na mwanamke aliyemwita Sultana Ungugu. Hapakuwa na Mjerumani yeyote hapo, na mkutano wa Berlin ulikuwa bado miaka 26.

Speke anamweleza kwa jicho la dharau: bibi mfupi wa miaka sitini hivi, nguo imechakaa, pua bapa, macho yasiyo na kope. Lakini hawezi kuficha yaliyotokea. Bibi yule alivaa pete za nyaya mikononi na bangili za pembe, akaketi karibu na mgeni, akaanza kumkagua. Alimshika nguo akazisifu. Alimshika vidole akasema ni laini kama vya mtoto. Nywele zake akazifananisha na manyoya ya simba. Akataka kujua anakwenda wapi, na sauti nyingi zikamjibu kwamba anakwenda ziwani. Kisha akampa ng'ombe, kwa sharti kwamba akae kwanza, asiondoke leo wala mapema. Mzungu mwenye haraka ya kugundua chanzo cha Nile akajikuta anangoja ruhusa ya bibi wa Unyambewa. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua picha ya kuchorwa, nachagua hiyo.

Basi Nyaso hakuwa kioja. Kilichokuwa kipya ni bendera iliyokuwa nyuma yake. Na hapa lazima nitoe maoni yangu, asiyeyapenda ayaache. Kwenye sehemu nyingi za pwani na maeneo ya karibu nayo, Wajerumani waliweka maakida, watu waliotoka kwingine, wasio na kaburi la babu katika nchi waliyoitawala. Unyanyembe kiti kilibaki ndani ya ukoo. Baada ya Nyaso akakaa Karunde, mwanamke mwingine, na miaka mingi baadaye, mwaka 1957, kikafika kwa Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa waziri katika serikali ya Nyerere na kujiuzulu 1963, mwaka ambao utemi wenyewe ulifutwa nchini. Gharama za miaka ya Nyaso zilikuwa kubwa. Mtemi aliyewekwa na boma alitakiwa kulitumikia boma. Lakini angekataa, ngome nyingine ya kulipua haikuwepo.

Tunapenda malkia ambao wana kisa kimoja kinachokaa kwenye picha. Nzinga anacho: gavana wa Kireno hakumpa kiti, akamkalia mtumishi wake mgongoni. Yaliyobaki tunayapitia juu juu, kwamba alibatizwa 1622 akaitwa Ana de Sousa, kwamba aliungana na Waholanzi, kwamba naye aliuza mateka. Unguja walikuwa na Mwana Fatuma, aliyewasaidia Wareno waliozingirwa Ngome ya Yesu kule Mombasa; Waomani waliposhinda 1698 wakamchukua hadi Oman. Salme binti Said alitoroka Unguja, akaolewa na Mjerumani, akaandika maisha yake, na leo Mji Mkongwe una makumbusho yake. Hakuna aliyedai hawa wawe safi kwanza ndipo wakumbukwe. Walichokuwa nacho ni mtu wa kuwaandika, au kalamu yao wenyewe.

Tabora ina makumbusho pia. Nje kidogo ya mji, Kwihara, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kuachana na Stanley, jengo la udongo lenye paa bapa na milango mizito ya kuchongwa. Kwihara imo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji katika pendekezo la njia kuu ya watumwa na pembe, ambalo Tanzania ililiingiza mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukienda likizo na watoto, wapeleke. Mwambieni anayewatembeza kwamba Livingstone mmeshamsikia, na mnataka kusikia habari za wenye nchi: Mnywa Sele aliyedai ushuru, Mkasiwa aliyewekwa na Waarabu, Isike, na Nyaso. Aanze na yeyote, ila asimruke Nyaso.