Usaili hatua sita, jibu hakuna

Usaili wa nne ulipofika, mama alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, kwani waomba kazi ama waposa?" Tukacheka sana. Kwa mama, aliyekulia Mombasa, ni posa tu inayotaka watu waende na kurudi mara zote hizo.

Mimi ni mbunifu. Nachora kurasa za programu za simu: kitufe kikae wapi, mtu akibonyeza pasipo arudi vipi, maandishi yasomeke hata na mwenye macho dhaifu. Mwaka jana niliomba kazi kwenye kampuni moja hapa London, na mambo yakaenda hivi.

Hatua ya 1, simu ya dakika 20 na mtu wa ajira. Ya 2, kumwonyesha mkuu wa wabunifu kazi zangu za nyuma. Ya 3, jaribio la kufanya nyumbani. Ya 4, kulitetea jaribio hilo mbele ya watu watano. Ya 5, kuchora ubaoni huku saa inakwenda. Ya 6, "maongezi tu" na mkurugenzi. Jumla wiki 9, na siku 3 za likizo nilizochukua kazini kwangu.

Lililoniuma ni jaribio. Waliandika "saa 2 au 3". Jamani! Walitaka nibuni upya sehemu nzima ya malipo ya programu yao wenyewe, toka skrini ya kwanza mpaka risiti. Wikendi yangu yote ikaenda, na sikulipwa hata senti.

Baada ya hatua ya 6, kimya. Niliwaandikia mara mbili, wapi. Hata posa, wakikukataa, mshenga hurudi na jibu.

Ndipo rafiki yangu aliponiambia kuhusu UK GDPR, sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa za watu. Una haki ya kuomba nakala ya taarifa zako, pamoja na waliyoandika juu yako kwenye usaili. Kwa kawaida ni bure, na wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi 1, ingawa ombi gumu huweza kuongezewa muda. Si kila kitu utapewa, lakini huhitaji kueleza kwa nini unataka. Nikaandika mistari minne, nikatuma.

Walionihoji walikuwa wameandika mazuri. Ila kulikuwa na barua pepe moja, ya tarehe ya kabla ya jaribio: nafasi imesimamishwa mpaka bajeti ipite, "tuendelee naye tu". Yaani wikendi ile nilikuwa nachora kwa ajili ya kiti ambacho hakipo. Nilikasirika, ndiyo, lakini pia nilipumua. Miezi miwili nzima nilikuwa nadhani kasoro ni mimi.

Kwa hiyo ukipewa jaribio, uliza kwanza: hatua ni ngapi, nani anaamua, bajeti imeshapita, na jaribio linalipwa? Jua pia kwamba kwa sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, michoro ya mtu ambaye hajaajiriwa ni yake, mpaka asaini kwa maandishi kuwapa wengine. Wazo lenyewe halilindwi. Michoro ndiyo inayolindwa. Na walioko Ontario, Kanada: tangu 1 Januari 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi aliyetangaza nafasi hadharani lazima akujulishe ndani ya siku 45 baada ya usaili kama uamuzi umefanyika.

Wengi wetu tumelelewa tusiwasumbue wakubwa kwa maswali. Lakini kuuliza kwa heshima hakujawahi kuwa utovu wa adabu. Nilipoomba kazi tena, maswali hayo niliyatuma kwa kampuni tatu. Moja haikujibu, nikaiacha. Moja ilisema jaribio linalipwa. Ya tatu haina jaribio kabisa, ina hatua 3 tu, na ndiko ninakofanya kazi sasa.